Ni chupa au ni anayelipa bili? Pombe na ngono zembe huku Nyanda za Juu Kusini

Kaunta Mstaafu (mleta mada) · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, kamwene.

Kila Desemba Mosi takwimu za UKIMWI zikisomwa mikoa yetu inatajwa juu kabisa, na hakosekani mwenye kipaza sauti wa kusema "tatizo la huku ni pombe". Baridi, ulanzi wa mianzi, komoni ya mahindi, basi. Watu wanaitikia, wanaenda kula. Mwakani tunakutana palepale.

Mimi nimekaa kaunta ya baa Makambako kwa miaka, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Zambia. Malori, mabasi, wanunuzi wa mahindi na viazi, watu wa mbao, watu wa reli ya TAZARA, wote walipita mbele yangu. Sinywi. Kazi yangu ilikuwa kuandika bili, na mwandika bili anaona mambo ambayo mlevi hayaoni na mtafiti saa hizo ameshalala.

Tuanze na ofa. Mteja anaingia saa kumi na mbili jioni, anaagiza, anamwambia mhudumu "chukua na wewe". Mhudumu anachukua. Ikifika saa nne usiku meza ina bia kumi na mbili, tano zimeandikwa za mhudumu. Mteja anazihesabu kichwani kama malipo ya awali. Asichojua ni kwamba katika zile tano mhudumu kanywa mbili tu. Tatu hazikufunguliwa, zimerudi kaunta kimyakimya, na asubuhi anachukua hela yake. Kwa mishahara ya baa tunayoijua, hiyo ndiyo sabuni na kodi ya chumba.

Sasa usiku ukiisha una watu wawili wenye hesabu mbili za meza moja. Huyu anasema nimeshalipa. Yule anasema nimeshamaliza kazi. Linaanza lile la "umenilia hela zangu", sauti zinapanda, mlinzi anajifanya hasikii, meneja hataki kumpoteza mteja. Mara nyingi ili yaishe, mwanamke anaondoka naye. Hapo mkianza kuzungumzia kondomu, anayeamua ni yule aliyelipa bili.

Ndiyo maana nasema pombe ipo, lakini ukiilaumu peke yake umemwacha mtu mzima kwenye kivuli. Wengi walioondoka pale kwangu walikuwa wameshaamua wanaondokaje kabla ya bia ya kwanza: nani kaja na hela, nani hana nauli ya kurudi, nani chumba chake kipo nyuma ya baa. Bia inachofanya ni kuondoa aibu ya kusukuma na nguvu ya kukataa.

Karibuni. Mnaonaje huko Mbeya, Iringa, Mafinga, Tunduma? Matusi hapana.

---

Mkangafu · Jumapili, saa 2:31 usiku

Nimeona ulanzi umetajwa nikajua naitwa.

Mkuu, mimi nakunywa tangu mvua za kwanza mpaka mianzi inagoma, na sijawahi kuamka kwenye kitanda nisichokijua. Huwa naamka mtaroni. Kwa hiyo kwa upande wangu ulanzi ni kinga.

---

Mtu wa Uyole · Jumapili, saa 2:50 usiku

Mkangafu acha utani, watu wamezika ndugu kwa mambo haya.

Mleta mada, naona unaisafisha pombe. Mimi nina kaka, mtulivu, mzee wa kanisa kabisa, ukikaa naye mchana hata neno baya hatoi. Akishapata kimpumu, ile pombe yetu ya kienyeji, na maji ya moto jioni ni mtu mwingine, na nyumba ndogo zote alizonazo zilianzia kilabuni. Hajawahi kuanzisha hata moja akiwa mzima. Kama siyo pombe ni nini?

---

Kaunta Mstaafu · Jumapili, saa 3:02 usiku

Uyole, siisafishi. Ila nikuulize: kaka yako akishalewa huwa anakwenda kwa mke wa mchungaji? Anakwenda kwa muuza pombe mjane ambaye anajua hana mtu wa kumtetea. Mlevi anachagua vizuri sana.

---

Mchambuzi wa Ilomba · Jumapili, saa 3:40 usiku

Niwawekee namba kidogo, kisha mwendelee kugombana.

Kiwango cha wanaoishi na VVU, utafiti wa kitaifa wa 2011/12: Njombe asilimia 14.8, Iringa 9.1, Mbeya 9.0, taifa 5.1. Wa 2016/17: Njombe 11.4, Iringa 11.3, Mbeya 9.3. Wa 2022/23: Njombe 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, taifa 4.4. Umri wa waliopimwa haukuwa uleule tafiti zote, kwa hiyo msizitoe moja kutoka kwa nyingine kama hesabu ya duka. Na mkumbuke watu sasa wanaishi kwa dawa. Kiwango kikibaki juu haina maana kwamba maambukizi mapya yamebaki vilevile.

Sasa swali la kumpa yule mwenye kipaza sauti: Kilimanjaro hawanywi? Mbege, pombe yao ya ndizi, inapikwa karibu kila kijiji na baa zimejaa mpaka milimani, lakini kiwango chao hakifiki hata 4. Kama pombe peke yake ndiyo ingekuwa mashine, Moshi wangekuwa wenzetu. Tofauti moja kubwa ni tohara. Kule wanaume wanatahiriwa tangu zamani, huku kwa mila zetu wengi hawakuwa wanatahiriwa mpaka kampeni zilipokuja. Majaribio ya Afrika Kusini, Kenya na Uganda, yaliyotoka kati ya 2005 na 2007, yalionyesha tohara inampunguzia mwanaume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Weka na barabara kuu, kazi za msimu, wanaume wanaoishi makambini bila familia.

Lakini Uyole naye hajakosea. Mwaka 2012 jarida la Addiction lilitoa uchambuzi uliounganisha majaribio kadhaa ya maabara. Watu wanagawanywa kwa bahati nasibu, hawa wanapewa pombe halisi, wale wanapewa kisicho pombe, kisha wanaulizwa kama wangekubali ngono bila kondomu. Kila damu ilipoongeza miligramu 0.1 ya pombe kwa mililita, uwezekano wa kusema "ndiyo" ulipanda kwa asilimia 5. Sasa piga hesabu: bia moja ya nusu lita, mwanaume wa kilo 70, inaweza kumfikisha karibu 0.4. Hiyo ni bia moja. Na kwa kuwa waligawanywa kwa bahati nasibu, huwezi kusema "aa, hao walikuwa wahuni tangu mwanzo". Pombe yenyewe inasukuma.

Kwa hiyo inasukuma, ila inasukuma kuelekea kule ambako mteremko upo tayari.

---

Mkangafu · Jumapili, saa 3:52 usiku

Hao waliopewa kisicho pombe walirudishiwa nauli? Huo ni utapeli.

---

Dada wa Trei · Jumapili, saa 4:35 usiku

Nimesoma kimya mpaka hapa. Mimi ni mhudumu, Mbeya, eneo silitaji, na sasa hivi nimejificha stoo nawaandikia.

Kaka wa kaunta ameongea kweli kuhusu bia za kurudisha, ingawa ametuharibia soko, kesho wateja watataka kila bia ifunguliwe mbele yao. (Wameshaanza. Wapo wanaosema "fungua nione ukinywa".)

Niongeze ambayo yeye alikuwa hayaoni kwa sababu yuko nyuma ya kaunta. Kazi hii huwezi kuifanya mkavu kila siku. Mtu anakushika mbele ya watu, unatakiwa ucheke. Anakutukania mama yako, unatakiwa umletee barafu. Bia mbili za mwanzo wengi wetu tunakunywa ili tuvumilie, siyo kwa starehe. Za tatu na nne ni za mteja mwenye hela. Hapo ndipo unapoanza kukubali mambo ambayo saa moja jioni ulishaapa huyakubali.

Na kuhusu kondomu msidanganyane kwamba watu hawajui. Wanajua. Anakuja na pakiti mfukoni, mkifika gesti anasema "na kavu shilingi ngapi?" Anapandisha dau. Elfu kumi, ishirini. Ukiwa mzima unapiga hesabu za dawa za maisha yote unakataa. Ukiwa umeshalewa unapiga hesabu ya kodi ya kesho kutwa. Kodi iko karibu.

Sijui vya maabara, lakini nafikiri hicho ndicho Mchambuzi anachosema.

---

Mchambuzi wa Ilomba · Jumapili, saa 4:58 usiku

Dada, umeeleza kuliko mimi. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, waliandika karibu hicho hicho: pombe haikuondolei akili yote, inakufanya uone kilicho mbele ya pua tu. Starehe, hela, mtu aliyekukasirikia, hivyo vipo mbele ya pua. Ugonjwa upo mbali, unafutika.

Ila kuna kioja kilifuata. Kundi la watafiti, matokeo yao yalitoka 2000, walikwenda baa wakawagonga wateja mihuri mkononi wakati wa kuingia, kama ile ya disko. Wengine walipata kikatuni kinachocheka. Wengine walipata maneno kwamba UKIMWI unaua. Baadaye wakawauliza kuhusu ngono bila kinga. Walevi wenye muhuri wa UKIMWI walikuwa waangalifu kuliko hata wasiokunywa. Kwa nini? Mlevi anashikwa na kilichopo mbele yake. Ukimwekea hatari mbele ya macho, hiyo nayo inamjaa kichwa kizima.

Na kuhusu wahudumu wa baa: mwaka 2000 watafiti waliandikisha wanawake 600 wafanyakazi wa baa mkoani kwetu Mbeya. Asilimia 68 walikutwa tayari wana VVU. Hapo dawa za kufubaza virusi, ARV, zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida. Wale wanawake walikubali kupimwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka, na mengi yanayojulikana leo kuhusu virusi vya ukanda huu yalitoka kwenye damu yao.

---

Dada wa Trei · Jumapili, saa 5:06 usiku

68. Hao ni dada zetu wakubwa. Wengine walitufundisha kubeba trei.

Naitwa, nitarudi.

---

Kaunta Mstaafu · Jumapili, saa 5:20 usiku

Hilo la muhuri limenigusa. Pale kwetu kasha la kondomu za bure lilitundikwa chooni, nyuma, taa imekufa. Kila mwezi anakuja mtu wa kulijaza anakuta limejaa, anaandika kwamba watu hawana mwamko. Siku moja nililihamishia kaunta, pembeni ya mashine ya risiti, mtu akilipa analiona. Zikawa zinaisha. Meneja akaja juu, baa yake inaonekana ya kihuni. Likarudi chooni.

Tukimaliza kumlaumu mlevi tumkumbuke na huyo meneja.

---

Mbao Mafinga · Jumapili, saa 5:45 usiku

Huku kwetu ni tofauti kidogo, wakuu. Shamba la Sao Hill lina makambi ya wavunaji, mnakaa porini wiki nzima mnachana mbao, baridi ya kufa mtu. Malipo ni kwa kazi, siyo kwa mwezi, yanakuja kwa mkupuo. Mkishuka mjini Jumamosi kila mtu ana fungu na hana ratiba. Hakuna benki ya kuiweka, hakuna mke wa kuikabidhi, na ukibaki nayo kambini itaibiwa. Kwa hiyo unaimaliza. Mimi nasema hatari ya kwanza ni hela ya mkupuo kwenye mji ambao baa ndiyo sebule pekee yenye joto. Vijana waliokuwa wanatumiwa hela nyumbani na bosi moja kwa moja kwa simu wakabaki na ya kula tu, hao walikuwa wanalewa komoni ya buku na kurudi kambini wanaimba.

Viroba, ile pombe kali ya vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 tulishangilia. Watu wakahamia chupa ndogo za plastiki na gongo. Mfuko wa mkupuo ulikuwa uleule.

---

Dereva wa Nakonde · Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Nipo foleni ya Tunduma, mpakani, nasubiri kuvuka kwenda Zambia, ndiyo maana nina muda wa kusoma uzi wote.

Madereva tunasemwa sana na sikatai. Lakini mtu aulize tunakunywa lini. Barabarani hunywi, una mzigo wa watu na kipima mwendo. Unakunywa ukisimama. Mpaka ukikushika siku mbili tatu, posho ipo, kulala ndani ya kabini umechoka, unafanya nini? Zamani foleni ilikuwa ndefu zaidi, na mji mzima ulijengwa juu ya hiyo foleni: gesti, baa, mama lishe, kila mtu anakula kwa sababu lori halitembei. Punguza saa za kusubiri uone kama ngono zembe hazipungui bila mahubiri yoyote.

---

Mama Komoni · Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Wanangu, nawasalimu. Mnaongelea baa tu, kilabu mmesahau.

Mimi nimepika komoni zaidi ya nusu ya umri wangu, nimesomesha kwa hiyo. Kilabu siyo baa. Hakuna ofa wala taa za rangi, wazee wanakaa na makopo yao wanasimuliana. Hatari ya kilabu ipo sehemu mbili.

Moja ni giza la kurudi. Msimu wa ulanzi, kuanzia mvua za Desemba mpaka Aprili hivi, kinywaji kinakuwa cha bei ya chini, watoto wa shule wananyweshwa mtogwa, ulanzi mtamu ambao haujachacha, wanaambiwa ni juisi, na mtogwa ukikaa mpaka jioni siyo mtogwa tena. Watu wanatawanyika saa mbili usiku njia za mashambani hazina taa. Wasichana wangapi yamewakuta njiani hapo, na asubuhi watu wanauliza "alikuwa anafuata nini kilabuni?"

Pili ni sisi wapishi wenyewe. Unapika peke yako, unamweka binti agawe vikombe. Miaka kumi na nne. Wateja wanamwita mchumba kwa utani. Anayemaliza kikombe cha tano hataki tena kugawiwa na mama, anataka kugawiwa na binti, na wewe unaona biashara inakwenda. Mimi binti zangu sikuwaweka. Jirani yangu aliweka. Siwezi kusema zaidi.

---

Mtu wa Uyole · Jumatatu, saa 1:22 asubuhi

Shikamoo mama. Hapo umenifunga mdomo.

---

Binti Kihesa · Jumatatu, saa 1:50 asubuhi

Shikamoo mama. Mimi nipo chuo hapa Iringa. Kwetu sisi hakuna bili wala lori, ni "pati" za chumbani. Mnachanga, mvulana mmoja ananunua konyagi anachanganya na juisi ili wasichana wasisikie ukali. Rafiki yangu mmoja alizima. Asubuhi hakumbuki chochote ila anajua kilichotokea. Yule kijana anasema "mbona ulikuwa unacheka, ulikubali". Darasa zima likagawanyika. Naomba kuuliza wanaojua sheria: kucheka ni kukubali?

---

Joho Jeusi · Jumatatu, saa 2:14 asubuhi

Binti, nijibu kwa sheria yenyewe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130(2)(c), kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998: mwanaume amebaka hata kama mwanamke alisema "ndiyo", iwapo "ndiyo" hiyo ilipatikana akiwa amelewa kitu alichopewa na mwanaume huyo au mtu mwingine, isipokuwa ithibitike walishakubaliana kabla. Kifungu cha 131 adhabu ni kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30. Kama binti yupo chini ya miaka 18 suala la kukubali halipo kabisa, mama yetu wa komoni awaambie hilo wateja wake.

Mwambie rafiki yako asioge wala kufua nguo kama bado ni mapema, aende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, achukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali. Hata kama siku zimepita, aende. Na nyie wanaume wa humu, yule aliyechanganya juisi makusudi asijitetee kwamba wote walikunywa.

---

Nesi wa Baridi · Jumatatu, saa 2:30 asubuhi

Hospitali aende kwanza kama saa 72 hazijapita, polisi baadaye. Dawa haisubiri jalada.

Natoka zamu ya usiku, Njombe. Mmeongea mengi mazuri ila hakuna aliyegusa asubuhi yake. Wateja wetu wa Jumatatu ni matokeo ya Ijumaa na Jumamosi zenu, na karibu wote wanakuja na kosa moja: wameshameza P2. Dada anakuja ametulia, "nimeshameza kinga". P2 inazuia mimba. Haijui VVU ni nini. Kinachozuia VVU baada ya tukio ni PEP, dozi ya ARV ya siku 28, unaanza mapema iwezekanavyo na mwisho ni saa 72. Ukianza saa ya nne ni bora kuliko saa ya sitini. Unapimwa kwanza, kwa sababu kama tayari unaishi na virusi PEP siyo yako, unaanzishiwa tiba kamili.

Kwa anayejua kila wikiendi yupo kwenye hali hiyo, kama dada yetu wa trei, kuna PrEP, dawa ya kinga unayomeza kila siku kabla ya tukio. Ulizia CTC, kliniki ya huduma za VVU. Uzuri wake kwa kazi ya baa ni kwamba umeshaimeza saa moja jioni ukiwa mzima, hakuna mlevi wa kubishana naye saa sita usiku. Ila kaswende, kisonono na mimba PrEP haizuii.

Na wale mnaotumia ARV tayari, hili ndilo linalonikera kuliko yote: "leo nakunywa kwa hiyo nimeruka dawa, visichanganyike." Nani aliwaambia? Pombe haigeuzi kidonge kuwa sumu. Kuruka ndiko kunakovipa virusi nafasi. Meza saa yako, ukinywa umenywa, kisha njoo tuongee kuhusu kunywa. Virusi vikifubaa mpaka kipimo hakivioni, humwambukizi mwenza wako kwa ngono. Ukiruka kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, hesabu mwenyewe.

---

Mgeni78 · Jumatatu, saa 3:00 asubuhi

Samahani nesi. Nina rafiki yangu hapa Mbeya. Ijumaa alikunywa, saa sita usiku kama hivi akaondoka na mhudumu wa baa, alikuwa na kondomu lakini hakuitumia, hakumbuki vizuri. Je, amechelewa?

---

Mkangafu · Jumatatu, saa 3:03 asubuhi

Rafiki yako pole sana. Mwambie na rafiki yangu anamsalimia.

---

Nesi wa Baridi · Jumatatu, saa 3:05 asubuhi

Mkangafu nyamaza.

Mgeni, saa sita usiku wa Ijumaa mpaka sasa saa tatu asubuhi Jumatatu ni saa 57. Zimebaki 15. "Rafiki" asiende kazini, aende sasa hivi kituo cha afya au hospitali yenye CTC, aseme neno moja dirishani: PEP. Asieleze hadithi ya pombe kwa mlinzi. Akiambiwa aje kesho, akatae, aombe kuonana na mganga wa zamu.

---

Kaunta Mstaafu · Jumatatu, saa 3:20 asubuhi

Wakati tunasubiri: angalieni maneno yake. Alikuwa nayo kondomu. Huyu siyo mtu asiye na elimu. Aliinunua akiwa mzima, akaisahau akiwa na bia. Kampeni zote zinalenga yule wa saa kumi jioni, ambaye tayari anakubaliana nasi. Yule wa saa sita usiku hajawahi kuhutubiwa na mtu.

---

Mtu wa Uyole · Jumatatu, saa 4:10 asubuhi

Basi dawa ni asifike huyo wa saa sita. Baa zifungwe mapema.

---

Mbao Mafinga · Jumatatu, saa 4:18 asubuhi

Zikifungwa mapema watu wanabeba chupa wanaenda nazo gesti, mkuu. Huko ndiko hakuna hata kaunta ya kuona.

---

Mgeni78 · Jumatatu, saa 6:40 mchana

Nimerudi. Ndiyo ni mimi, mshafurahi. Nimepimwa, sina. Wamenipa dozi ya siku 28, nimemeza cha kwanza palepale. Kwa kweli hawakunisema vibaya, nilidhani watanisema. Nimeambiwa nirudi kupima tena. Asante nesi, Mungu akubariki. Swali: wiki hizi nne naweza kugusa hata ulanzi?

---

Nesi wa Baridi · Jumatatu, saa 6:52 mchana

Hongera. Hakuna katazo la kikemia, lakini wewe umetuambia mwenyewe kwamba ukinywa hukumbuki. Weka alamu ya simu, mpe mtu mmoja unayemwamini akuulize kila jioni. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kinapita, usiache dawa. Na mpaka majibu ya mwisho, kinga kila mara, hata nyumbani.

---

Dada wa Trei · Jumatatu, saa 7:15 mchana

Nimeamka nimesoma yote. Mgeni, na yule dada je?

---

Mgeni78 · Jumatatu, saa 7:21 mchana

Dada kusema ukweli sijamfikiria. Sina hata namba yake.

---

Dada wa Trei · Jumatatu, saa 7:24 mchana

Baa unaijua. Saa zake 72 zinaisha usiku wa leo kama zako, na wewe ndiye unayejua kwamba dozi ipo na inatolewa wapi. Nenda sasa hivi kabla wateja hawajajaa. Agiza soda, usimpe ofa. Mwambie, kisha umwachie nauli ya bajaji.